Kinundu Kisichouma: Ugonjwa wa Jongo Nje ya Viungo

Mazungumzo ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na wananchi wa Kata ya Kabungu, Mkoa wa Katavi



Sisi ni watumishi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, chombo cha Serikali chenye dhamana ya kuhakikisha kuwa dawa na vifaa tiba vinavyomfikia mwananchi ni bora, ni salama, na vinafanya kazi iliyokusudiwa. Wengi wenu mnatukumbuka kwa jina la zamani la TFDA. Mwaka 2019 jukumu la kusimamia chakula na vipodozi lilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, nasi tukabaki na dawa na vifaa tiba.

Mada yetu ya leo ni ugonjwa wa jongo, ambao wengi tunauita gauti. Tumechagua sehemu moja tu ya ugonjwa huu, ile isiyopiga kelele: vinundu vya chumvi vinavyojijenga nje ya viungo, yaani masikioni, nyuma ya viwiko, kwenye kano za visigino, chini ya ngozi ya vidole, na hata ndani ya figo. Tumeichagua kwa sababu hapo ndipo mtumiaji wa dawa hupotezwa kwa urahisi zaidi, akatumia fedha yake, akatumia miaka yake, na mwishowe akapoteza figo zake. Neno letu kuu ni moja, na tunaomba kila mmoja aondoke nalo: maumivu kuisha si chumvi kuisha.

Chumvi hii inatoka wapi?

Mwili wa binadamu hujenga na kubomoa chembe hai zake kila siku. Katika kubomoa huko hupatikana taka iitwayo asidi ya yuriki. Karibu theluthi mbili ya taka hiyo hutoka ndani ya mwili wenyewe, na theluthi moja hutoka katika chakula na vinywaji. Figo ndizo hutoa sehemu kubwa ya taka hiyo kwa njia ya mkojo, na utumbo hutoa kiasi kilichobaki. Kwa wagonjwa walio wengi, kosa liko kwenye utoaji: figo hazitoi taka hiyo kwa kadiri inavyotengenezwa. Mara nyingi hali hiyo hurithiwa katika ukoo. Kwa hiyo ule msemo kwamba gauti ni ugonjwa wa matajiri na walaji wa nyama unawaonea wagonjwa wengi, na unamfanya mkulima asiyekula nyama mara kwa mara adhani kuwa ugonjwa huu haumhusu.

Sasa tuitazame chumvi ya Uvinza, ambayo wazee wetu wa pande hizi wanaifahamu tangu enzi. Maji ya chemchemi yakichemshwa, hufika mahali yakawa hayawezi tena kuibeba chumvi yote iliyomo. Hapo chumvi huanza kuganda na kutua chini. Damu nayo ina kipimo chake. Asidi ya yuriki ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa kila desilita ya damu, damu haiwezi tena kuibeba yote ikiwa imeyeyuka. Polepole, kwa miezi na miaka, huanza kuganda na kuwa fuwele, yaani chembe ngumu zenye umbo la sindano, ndogo mno zisizoonekana kwa macho.

Fuwele hizo hupenda kutua mahali penye ubaridi kuliko sehemu nyingine za mwili. Ndiyo sababu kidole gumba cha mguu huongoza kwa kuuma, na ndiyo sababu ukingo wa juu wa sikio huota vinundu. Fuwele zikiwa chache ndani ya kiungo, siku moja mwili huzishtukia na kuzishambulia. Hilo ndilo shambulio la usiku ambalo mgonjwa hawezi kuvumilia hata shuka imguse mguuni. Zikirundikana kwa wingi, mwili huzizungushia ukuta, na ndani ya ukuta huo hubaki rundo jeupe kama chaki. Rundo hilo ndilo kinundu cha jongo. Kwa kawaida halimuumi mtu, wala halimwamshi usiku, linakua tu.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1679 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alitazama kwa hadubini unga mweupe uliotoka katika kinundu cha mgonjwa, akaona vijiti virefu vyenye ncha. Mwaka 1848 daktari Mwingereza Alfred Garrod alionesha kuwa damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi ya yuriki iliyozidi. Kwa hiyo tunazungumzia kitu kinachoonekana, kinachopimika, na kinachotibika.

Mfano wa mzee mmoja

Tuwape mfano. Tumeutunga sisi ili kukusanya mahali pamoja mambo yanayowapata wagonjwa wa aina hii. Asitafutwe mtu hapa Kabungu.

Mzee mmoja, mkulima wa mahindi na karanga, aliumwa kidole gumba cha mguu usiku akiwa na miaka arobaini na kitu. Alinunua vidonge vya maumivu, na wiki haikwisha akawa amerudi shambani. Mwaka uliofuata aliumwa mara mbili, na baadaye mara nne. Kila alipoumwa alimeza vidonge vilevile, na kila maumivu yalipokwisha alijihesabu amepona. Baada ya miaka kama kumi aliota vinundu vigumu sikioni, mfano wa punje za mahindi. Haviumi, akaviacha. Kisha nyuma ya kiwiko kukatokea uvimbe wa ukubwa wa yai.

Hapo kila jirani akaja na lake. Mmoja alisema ni ukoma. Mwingine alisema mzee karogwa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wa tatu alisema ni usaha, na usaha hutolewa kwa wembe. Wembe ukapita, ukatoka uji mweupe uliojaa punje punje, na kidonda kikakataa kufunga. Mzee akanunua dawa za kuua vijidudu, akamaliza dozi tatu, na uji mweupe ukaendelea kutoka. Alipofika hospitali, vipimo vilionesha pia kuwa figo zake zimechoka.

Mzee huyu alikosea wapi? Tunasema kosa la kwanza si lile la wembe. Kosa la kwanza lilitendeka miaka kumi nyuma, pale alipohesabu kuwa amepona kwa sababu hasikii maumivu, na hakuna aliyemwambia vinginevyo, hata wale waliomuuzia vidonge.

Pale inapojificha

Kinundu cha sikioni hukaa zaidi kwenye ukingo wa juu. Ni kweli kwamba ukoma nao huleta manundu masikioni, hasa kwenye ndewe, na ukoma bado upo nchini na unatibika. Asijipime mtu kwa kioo. Aende kituoni akachunguzwe, kwa maana magonjwa hayo mawili yana dawa tofauti kabisa.

Mama zetu mliokoma hedhi, nanyi sikilizeni. Kabla ya wakati huo mwili wa mwanamke husaidiwa na homoni zake kutoa asidi ya yuriki. Baada yake kinga hiyo hupungua. Kwa mama mtu mzima, hasa anayetumia dawa za kuongeza mkojo, kinundu kwenye ncha ya kidole cha mkono chaweza kuwa dalili ya mwanzo, hata kama hajawahi kuumwa kidole cha mguu. Mara nyingi husingiziwa uzee.

Ndani ya figo chumvi hii huweza kutua kwenye nyama ya figo yenyewe au kuwa jiwe. Jiwe la namna hii huenda lisionekane katika picha ya kawaida ya eksirei, ilhali ultrasaundi huliona. Mtu aliyewahi kuumwa gauti, kisha akapata maumivu makali ya ubavuni yanayoshuka kinenani, au akaona damu kwenye mkojo, asiondoke hospitali kabla hajaeleza historia yake ya gauti.

Dawa ya kuzima na dawa ya kuondoa

Hapa ndipo penye kazi yetu hasa. Dawa za jongo ni za namna mbili, na mtumiaji ana haki ya kujua ameuziwa ipi.

Namna ya kwanza huzima moto. Humo zimo diklofenaki, ibuprofeni, kolchisini na prednisoloni. Zikitumiwa kwa siku chache na kwa ushauri wa mtaalamu, zina manufaa makubwa. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayotoa chumvi iliyokwisha kurundikana. Zikigeuzwa kuwa chakula cha kila siku, diklofenaki na ndugu zake huweza kuchubua tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, zile zile figo tunazozitegemea kutoa asidi ya yuriki.

Namna ya pili hushusha asidi ya yuriki yenyewe. Inayotumika zaidi ni alopurinoli. Ilizaliwa katika kazi za watafiti Gertrude Elion na George Hitchings nchini Marekani, ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1988 kwa kazi yao ya ugunduzi wa dawa, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Ni dawa ya kumezwa kila siku, ukiumwa na usipoumwa. Kiwango katika damu kikishushwa chini ya miligramu 6 kwa desilita, ambazo karatasi nyingine za maabara huandika mikromoli 360 kwa lita, chumvi iliyoganda huanza kuyeyuka na kurudi katika damu, kisha figo huitoa. Kwa mwenye vinundu, wataalamu hulenga chini zaidi, miligramu 5, yaani mikromoli 300. Hapo kinundu husinyaa kwa miezi, na pengine kwa miaka. Ghala lililojazwa kwa miaka kumi halimalizwi kwa wiki mbili.

Kuna mambo matatu kuhusu alopurinoli ambayo mtumiaji asipoambiwa huiacha, au humdhuru.

La kwanza: katika miezi ya mwanzo mashambulio huweza kuongezeka. Chumvi inapoanza kuyeyuka hutikisika, na mwili huishtukia. Wengi husema dawa imewazidishia, wakaitupa. Mganga huanza na dozi ndogo, akaipandisha polepole, na huweza kuongeza dawa nyingine ya kuzuia mashambulio kwa miezi kadhaa. Anayeitumia tayari akipata shambulio, asiiache; amrudie mganga.

La pili: kwa watu wachache dawa hii huleta mzio mkali. Ukiona upele, vidonda mdomoni, macho mekundu au homa baada ya kuianza, acha kuimeza siku hiyo hiyo na uende kituoni. Usisubiri kesho. Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema ili aanzishwe kwa dozi ndogo zaidi.

La tatu: haipatani na baadhi ya dawa, hasa azathioprini wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa kinga ya mwili na waliopandikizwa figo. Kwa hiyo usimwazime jirani vidonge vyako, hata kama kinundu chake kinafanana na chako kama mapacha.

Dawa za kwenye spika

Sote tumewasikia wauzaji wa minadani na stendi wenye spika, na chupa moja inayotibu gauti, kisukari, presha na nguvu za kiume. Hatuji kudharau tiba asili. Tiba asili ina sheria yake tangu mwaka 2002 na ina Baraza lake, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na dawa zao. Tunachokataa ni dawa ya kisasa kufichwa ndani ya chupa ya mitishamba.

Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wananchi kuhusu bidhaa iitwayo Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Zilipokewa taarifa za watu walioharibika ini, na za vifo. Kama hilo lilitokea kwenye nchi yenye maabara nyingi kiasi kile, sisi tuna sababu zaidi ya kuwa macho.

Dawa ya jamii ya deksamethasoni ina hila yake: humfanya mgonjwa ajisikie kijana kwa siku mbili. Ndiyo maana mnunuzi hurudi na kumsifu muuzaji. Lakini ikitumika kwa muda mrefu uso huvimba, sukari hupanda, mifupa hulegea, na kinundu kiko pale pale. Tena mtu aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kuzimia, hata kufa, kwa sababu mwili umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Kwa hiyo, aliyetumia dawa ya namna hiyo kwa wiki nyingi asiitupe kimya kimya. Aende hospitali nayo, chupa mkononi, aeleze ukweli. Hakuna atakayemkamata kwa kuwa mgonjwa.

Vipimo navyo viangaliwe. Kiwango cha asidi ya yuriki hujulikana kwa kupima damu. Kifaa cha kushika mkononi kisichochukua hata tone la damu, kisha kikatoa karatasi yenye magonjwa ishirini, hakiwezi kukuambia kiwango chako. Na hata kipimo halali kina tabia zake: wakati wa shambulio kiwango huweza kuonekana cha kawaida, kwa hiyo hurudiwa wiki kadhaa baada ya maumivu kutulia. Vilevile, mtu asiye na dalili yoyote akikutwa na kiwango cha juu, hiyo peke yake si gauti, na kwa kawaida haihitaji dawa. Asikimbizwe kununua.

Dawa nyingine na chakula

Baadhi ya dawa halali hupandisha asidi ya yuriki: dawa za presha za kuongeza mkojo, aspirini ya dozi ndogo, na pirazinamidi wanayotumia wagonjwa wa kifua kikuu katika miezi miwili ya mwanzo. Tunasisitiza: usiziache. Kifua kikuu na presha huua. Mwambie mganga wako kuhusu vinundu au maumivu, naye atapima lipi la kufanya.

Kuhusu chakula, punguzeni pombe, ya chupa na ya kienyeji. Punguzeni maini, figo na nyama nyekundu, na dagaa wasiwe kitoweo cha kila siku kwa mwenye vinundu. Soda na vinywaji vyenye sukari nyingi navyo hupandisha asidi hii. Hata asali, fahari ya mkoa wetu, ina sukari ya namna hiyo kwa wingi. Mwenye jongo ailambe kwa kiasi, asiinywe kama dawa. Maharage hayana kosa, na maziwa husaidia. Maji ya kutosha huzisaidia figo. Lakini tuseme kweli: chakula peke yake hushusha kiwango kidogo tu, na mara chache hutosha kuyeyusha kinundu. Mgonjwa asilaumiwe kwa kipande cha nyama alichokula kwenye harusi.

Mambo ya kushika

Ukiwa na kinundu, usikipasue, usikichanje, usikikande kwa dawa ya moto. Kikipasuka chenyewe, kifunike kwa kitambaa safi na uende kituoni.

Dukani, uliza maswali manne: Dawa hii inazima maumivu au inashusha asidi ya yuriki? Niitumie kwa siku ngapi? Nikiona dalili gani niiache? Nina presha, vidonda vya tumbo au tatizo la figo, je, inanifaa? Muuzaji asiyeweza kujibu akuelekeze kwa anayeweza. Kisha tazama boksi: jina la dawa, jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, udai risiti, na uhifadhi boksi hadi dawa iishe.

Ukipata madhara ya dawa, mwambie mtoa huduma ajaze fomu ya njano ya taarifa za madhara na kuituma kwetu. Fomu hiyo haimshtaki mtu. Ndiyo njia mojawapo inayotuwezesha kujua, kutoka Kabungu hadi Dar es Salaam, kwamba dawa fulani inaumiza watu.

Ndugu wananchi, ukirudi nyumbani jioni hii, mtazame mzee wako masikioni na viwikoni. Ukikuta kinundu, usimtishe wala usimcheke. Mwambie haya uliyoyasikia, kisha panga naye siku ya kwenda kupimwa. Atakuambia hakimuumi. Mjibu kwa adabu: "Ni kweli, Mzee, hakiumi. Lakini maumivu kuisha si chumvi kuisha."

Sasa tunakaribisha maswali, na tunaomba aanze mwenye umri mkubwa kuliko wote.